Goti Halikuwa Langu

Sikufika kileleni. Nasema hivyo mapema ili usisome hadi mwisho ukingoja picha yangu nimeinua mikono, mawingu yakiwa chini ya buti. Nilirudia njiani, nikiwa nimebakisha mwendo wa saa moja na nusu hivi, na jioni yake nilisifiwa kuliko wote waliofika. Sifa hizo ndizo zinanifanya niandike.

Ilikuwa tarehe 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa, mwaka juzi. Beshte yangu alikuwa amelipia nafasi mbili za kupanda Elephant Hill, yake na ya mpenzi wake. Wiki hiyo wakakosana. Pesa haikuwa ya kurudishwa, kwa hivyo akanipigia mimi. Ukiwa mwandishi wa kujitegemea, kitu cha bure hukiulizi maswali mengi. Nikaazima mkoba kwa jirani na buti za mpira kwa soja wa ploti, na saa kumi na moja unusu alfajiri nilikuwa mjini, nimebanwa dirishani kwenye matatu iliyojaa watu wanaoonekana kama wamelala vizuri.

Kama hujawahi kwenda, Elephant Hill iko kusini mwa safu ya Nyandarua, ile ambayo ramani nyingi bado zinaiita Aberdare, jina alilolipachika Mskoti Joseph Thomson katika miaka ya 1880 kwa heshima ya bwana mkubwa mmoja wa Uingereza. Unafuata barabara ya Nakuru, unapita Limuru na Kimende, unanunua chai na viazi Soko Mjinga, halafu Flyover unakunja kulia kuelekea Njabini. Kilele kina urefu wa zaidi ya mita 3,500. Si jitu, ukilinganisha na ndugu zake wa safu hiyo hiyo, Kinangop wenye mita 3,906 na Satima wenye mita 4,001. Lakini wanaojitayarisha kupanda Mlima Kenya huja kujipima hapa kwanza, na wengi hupata majibu ambayo hawakuyataka.

Picha zote za milima nilizokuwa nimeziona mtandaoni zilikuwa za Oktoba ya kwingine. Kule Ulaya na Amerika Kaskazini mwezi huo majani yanageuka dhahabu na kuanguka, watu wanatembea msituni kutwa nzima na sweta nzuri. Kamusi zetu zikikwama huuita msimu huo vuli. Lakini vuli yetu haiangushi jani hata moja. Vuli yetu ni mvua, na kule Kinangop mvua maana yake ni tope jeusi linalovuta buti kama lina deni nayo.

Langoni tulipewa sheria. Askari wa msitu watatu wangekuwa nasi na bunduki zao, mmoja mbele, mmoja katikati, mmoja nyuma, kwa sababu humo ndani kuna ndovu na nyati na hawajui kwamba leo ni sikukuu. Nyuma kabisa angekuwa kijana mmoja wa kikundi, yule wanayemwita mfagiaji, kazi yake kuhakikisha hakuna anayebaki. Halafu kiongozi akasema ile sheria ya mwisho, polepole: ikifika saa saba mchana, popote ulipo, unageuka. Hata ukikiona kilele. Hata ukiweza kukigusa kwa kidole.

Nakumbuka nilifikiria, sheria poa sana hiyo. Nilikuwa bado chini na tayari napenda sheria ya kurudi.

Mwanzo ni mashamba na msitu wa kawaida, unapiga stori na watu. Ndipo mianzi inaanza. Inasimama pande zote mbili, imebanana, mingine imeanguka na kuziba njia, unapita chini yake umeinama kama unaingia kwa fundi wa viatu. Mwanga ni wa kijani. Kinyesi cha ndovu kimelala katikati ya njia, kipya, na kila mtu ananyamaza kidogo akipita hapo. Mlima hauzungukizunguki. Unapanda tu, moja kwa moja, na tope linakurudisha nusu ya kila hatua uliyoilipia. Beshte yangu, ambaye alikuwa na hasira za mapenzi za kuchoma, alipotea mbele ndani ya nusu saa ya kwanza.

Mimi nilijikuta nyuma, karibu na mama mmoja ambaye kila mtu alishaanza kumwita Mwalimu. Alikuwa amekaribia kustaafu, amefundisha shule ya msingi miaka thelathini, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda mlima wowote. Alikuwa na fimbo ya mti, kofia ya sufi ya kijani na njugu ambazo aligawia hata askari. Alitembea kidogo, akasimama, akatembea kidogo. Hakulalamika. Mimi nililalamika kimoyomoyo kwa niaba ya sisi wawili.

Mianzi ikiisha unatokea mahali ambapo wapandaji wamepaita Point of Despair, yaani Mahali pa Kukata Tamaa. Nani alipaita hivyo sijui, lakini alikuwa mtu mkweli. Unatoka gizani ukidhani umefika, unainua macho, na unaona mlima ndio kwanza unaanza: mgongo mmoja baada ya mwingine, nyasi za mashungi, upepo, na vijitu vidogo vya rangi rangi mbali huko juu ambavyo ni wenzako. Ilikuwa karibu saa sita mchana.

Mwalimu aliketi kwenye jiwe, akanyoosha mguu wa kulia, akaushika pale gotini.

"Mimi hapa nimefika," akasema. Alisema kama mtu anayemwambia kondakta shukisha.

Mfagiaji akamwambia hakuna shida, askari wa nyuma atashuka naye polepole mpaka langoni, ndiyo kazi yake. Wengine tuliobaki tungeungana na askari wa katikati. Yote yalikuwa yamepangwa. Hakuna aliyeniangalia, hakuna aliyeniuliza. Na hapo ndipo nikasikia sauti yangu ikisema:

"Mimi nitashuka na Mwalimu. Hawezi kwenda peke yake."

Dada wawili wakasema "Aww". Mfagiaji akanipiga bega: "Msee, wewe ni mtu wa maana." Wakaendelea. Nikawaangalia wakipungua, na nitakuambia nilichohisi bila kukiongezea chumvi: nilihisi raha. Miguu yangu ilikuwa imekufa tangu katikati ya mianzi. Kifua kilikuwa kinawaka. Kwa saa nzima nilikuwa natafuta sababu ya kurudi ambayo haingekuwa mimi, na sasa nilikuwa nimeipata, imevaa kofia ya kijani.

Hilo ndilo swali langu, na ningependa ulifikirie nami. Nilifanya jambo jema au sikufanya?

Tulishuka kwa zaidi ya saa tatu. Askari alitangulia, sisi tukamfuata. Kushuka kwenye tope kunamtesa mwenye goti bovu kuliko kupanda, kwa hivyo nilikuwa namshika mkono kwenye miteremko, natangulia kukanyaga pale penye utelezi, nashika fimbo yake akipita chini ya mianzi. Tulizungumza. Alinieleza kuhusu watoto aliowafundisha ambao sasa wana watoto. Niliulizwa ninafanya nini, nikasema naandika. Akauliza nilisomea wapi, nikasema niliacha chuo mwaka wa tatu ili dada yangu mdogo asome. Akasema, "Hiyo ni kazi kubwa," na mimi nikainamisha kichwa kidogo, kama ninavyofanya kila mara nikifika sehemu hiyo ya hadithi.

Tulipokaa kupumzika mara ya mwisho, askari akiwa mbele kidogo anavuta sigara, Mwalimu akaniambia bila kunitazama:

"Kijana, na wewe ulikuwa umechoka, si ndiyo?"

Nikacheka. "Kiasi tu, Mwalimu."

"Kiasi tu," akarudia. "Mimi nimefundisha miaka thelathini. Namjua mtoto anayeinua mkono mbio kwenda kufuta ubao kwa sababu hajamaliza hesabu zake." Akachukua njugu, akanipa zingine. "Si vibaya. Ubao unafutika. Na nimefurahia kampani. Lakini usiende kusema ni mimi nimekurudisha."

Nikamwambia siwezi.

Jioni tukiwa kwenye matatu, giza limeingia, simu zikaanza kupata mtandao. Kwenye grupu ya WhatsApp kiongozi aliweka picha za kileleni, halafu akaandika kwamba katika Sikukuu hii ya Mashujaa, shujaa wetu wa leo ni mimi, niliyekiacha kilele ili Mwalimu asishuke peke yake. Makofi thelathini. Mioyo. Mtu akaandika kwa utani kwamba Mwalimu afanye mazoezi asije akamkosesha mtu mwingine kilele. Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa ameketi viti vitatu mbele yangu, akaandika: "Poleni, nimewarudisha nyuma. Asante kijana." Nilikiona kisogo chake kimeinamia simu.

Na mimi nikaandika: "Ni wajibu tu." Nikaweka ile alama ya mikono miwili iliyounganishwa.

Siku tatu baadaye Mwalimu alitoka kwenye grupu.

Sasa, sifa yangu ya kuzungumzia falsafa ni hii. Baada ya kuacha chuo nililipa kodi kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, kazi ambayo vijana wengi wa Nairobi wanaijua na wachache wanaitaja mbele ya wazazi. Mwanafunzi analala Marekani, mimi nakesha Kayole nikisoma vitabu vyake. Usiku mmoja nilipewa insha ya maadili kuhusu Immanuel Kant, na ndiyo iliyonifanya nimjue. Ndiyo, nilijifunza maadili kwa kumsaidia mtu kudanganya. Nimeshacheka kuhusu hilo, unaweza kucheka pia.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, Kant anatupa mfano wa mwenye duka. Mwenye duka huyu hampunji mteja mgeni wala mtoto aliyetumwa, bei yake ni moja kwa wote. Vizuri. Lakini kwa nini? Kwa sababu akiwapunja habari itaenea na wateja watahama. Kant anasema tendo lake linafanana na wajibu, ila halikutoka kwenye wajibu, kwa hivyo hatuwezi kulipa thamani ya kimaadili. Ukitenda haki kwa sababu inakufaa, umefanya biashara.

Kwa kipimo hicho, kesi yangu pale kwenye jiwe ilikwisha dakika ileile. Sifuri.

Lakini usiku ule nilioandika insha, kuna kitu kingine nilikisoma cha mzee huyohuyo ambacho kilinifariji kuliko alivyokusudia. Anakubali kwamba hata tukijichunguza sana, hatuwezi kuwa na hakika kwamba kuna tendo hata moja tulilolifanya kwa ajili ya wajibu peke yake. Ukichimba vya kutosha unamkuta yule yule mpendwa, nafsi yako, amekaa chini ya kila jema anakusubiri. Kama hivyo ndivyo, kumfukuza mtu kwenye orodha ya watenda wema kwa sababu nia yake imechanganyika ni kuifuta orodha nzima.

Tena tuko mlimani, tuangalie mlima wenyewe. Misitu ya Nyandarua ndiyo waliyoikimbilia wapiganaji wa Mau Mau baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 20, 1952, tarehe ambayo leo ni sikukuu tuliyoitumia kupiga picha. Walikaa kwenye baridi hiyo hiyo, mianzi hiyo hiyo, miaka. Ukisikiliza simulizi za wazee, hawakuingia wote kwa sababu moja. Kuna walioingia kwa ajili ya mashamba, kuna waliofuata kiapo, kuna waliofuata kaka, na kuna walioingia kwa sababu kubaki kijijini kulikuwa hatari zaidi. Hatuwapimi mmoja mmoja tukitafuta aliyeingia kwa nia safi isiyo na doa. Tunasema mashujaa, wote, na nadhani tuko sawa.

Kwa hivyo siamini kwamba kosa langu lilikuwa kuchoka. Goti la Mwalimu halikujali nilikuwa nawaza nini. Lilihitaji bega kwenye mteremko na likalipata. Maji ya Nairobi yanatoka kwenye milima hii, kutoka Sasumua na Ndakaini, na ukifungua bomba hukuti ladha ya nia ya mlima. Unakunywa tu. Tendo langu pale juu lilikuwa na faida yake na uvivu wangu ulikuwa ndani yake, na viwili hivyo vilishuka pamoja bila kugombana mpaka langoni.

Kosa lilikuja baadaye, nikiwa nimekaa, miguu imepumzika, kidole kikiwa juu ya simu. Kosa ni risiti.

Nieleze. Nilipoandika "ni wajibu tu", nilimwandikia Mwalimu deni. Kabla ya hapo alikuwa mtu mzima aliyejipima, akaona mwili wake umetosheka, akaamua kugeuka. Huo ulikuwa uamuzi wake, na ulikuwa uamuzi wa busara kuliko wa wengi waliojikokota mpaka juu wakatapika. Alikuwa na askari wa kumshusha. Hakuniomba chochote. Baada ya maneno yangu matatu akawa mzigo. Akawa yule mama aliyemkosesha kijana kilele. Mimi niliokolewa na goti lake, halafu nikamfanya aombe msamaha kwa kuwa nalo. Na alikuwa ameniomba jambo moja tu, nisiseme ni yeye aliyenirudisha. Kweli sikusema. Nilinyamaza wengine wakisema, halafu nikashukuru.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako, na tangu shule ya msingi tumeufasiri kwamba usingoje shukrani. Siku hizi nausikia kwa namna nyingine. Nenda zako, maana yake usibaki pale mlangoni ukimkumbusha mtu kwamba ulipita. Wema ukishatendwa ni wa aliyetendewa. Ukiurudia kuuvaa kama shati, hasa kama ulikuwa nusu wako tangu mwanzo, unamvua mwenzako.

Ningeweza kuishia hapa na ikawa insha nzuri ya kupanda mlima. Lakini umesoma ile sehemu niliyomwambia Mwalimu kuhusu dada yangu, na pengine umeshaanza kunishuku. Una haki.

Hadithi ninayoisimulia ni hii. Mathe alikuwa na kibanda cha nguo za mitumba Gikomba. Moto ukaja, kama unavyokuja Gikomba, na usiku mmoja mali yote ikaisha. Mimi nikiwa mwaka wa tatu chuoni, dada yangu amemaliza kidato cha nne na ameitwa kusomea uuguzi. Karo ya watu wawili haikuwepo. Nikamwambia mathe, acha yeye asome, mimi ni mwanaume, nitajitafuta. Mathe alilia. Mjomba alisimama kwenye mkutano wa familia akasema huyu ndiye mtoto. Kila neno la hadithi hiyo ni kweli.

Isipokuwa moto ulikuwa mwezi wa sita, na mimi nilikuwa nimeacha kuingia darasani tangu mwezi wa pili.

Nilikuwa nimeanguka masomo manne. Kozi ilikuwa ya hesabu za bima, niliyoichagua kwa sababu alama zangu ziliruhusu na kwa sababu jirani alisema ina pesa. Kila asubuhi nilitoka hosteli na mkoba, nikaenda kukaa maktaba nikisoma riwaya, nikarudi. Kwa miezi minne nilikuwa natafuta sababu ya kuacha ambayo haingekuwa mimi. Halafu Gikomba ikaungua. Mungu anisamehe, katikati ya vilio vya mathe, kuna sehemu ndani yangu iliyopumua. Ni pumzi ile ile niliyoipumua miaka mitatu baadaye pale juu ya mianzi. Ndiyo maana niliitambua.

Je, pesa hazikuenda kwa dada yangu? Zilienda. Je, hakusoma? Anasoma. Ubao ulifutika. Lakini risiti ya jambo hilo nimekuwa nikiibeba mfukoni miaka yote, na aliyekuwa akiilipa si mimi.

Wiki mbili baada ya Elephant Hill mathe alinipigia. Katikati ya habari za majirani akasema dada yako hana raha, hapendi ile kazi ya wodi, anasema angetaka kusomea ushonaji, lakini hawezi kuacha. Nikauliza kwa nini hawezi. Mathe akashangaa nauliza. "Si wewe uliacha chuo kwa ajili yake? Atakuangaliaje?"

Fikiria hapo. Msichana amefika kwenye Mahali pa Kukata Tamaa pake. Labda anapaswa kugeuka, labda anapaswa kujikaza, hilo si langu kuamua. Lakini hawezi hata kukaa kwenye jiwe akajiuliza, kwa sababu wema wangu umesimama nyuma yake umeziba njia.

Kuna pingamizi, na nimelisikia ndani ya kichwa changu mara nyingi: kuungama nako si ni ubinafsi? Unataka tu kujisikia msafi. Umeishi vizuri na uongo, sasa unataka kumtupia mtu mwingine ukweli ulale usingizi. Ni pingamizi la maana. Kuna maungamo mengi ambayo ni kuhamisha mzigo kutoka begani kwako kwenda kwa mwenzako. Wala sidhani kila nia iliyochanganyika inahitaji tangazo. Kama ulimpa lifti mtu kwa sababu ulikuwa unaogopa kuendesha usiku peke yako, mpe lifti, nyamaza, nyote mmefika.

Kipimo nilichokipata ni hiki tu: kuna mtu anayelipa? Kama hakuna anayelipa kwa sababu ya hadithi yako, hifadhi siri yako na uzeeke nayo. Lakini kama kuna mtu mahali fulani anainama, anaomba radhi, anakaa mahali asipotaka kukaa kwa sababu anadhani anakudai shukrani, basi ukweli si wako tena. Unaushikilia mali ya mtu.

Nilianza na rahisi. Nikaomba namba ya Mwalimu kwa kiongozi wa kikundi. Nikamwandikia kwamba siku ile nilikuwa nimechoka kuliko yeye, kwamba goti lake ndilo lililoniokoa, na kwamba nimeandika hivyo pia kwenye grupu, ingawa hayupo. Kweli nilikuwa nimeandika. Nilipata kimya kirefu, halafu vicheko viwili, halafu watu wakaendelea na mipango ya Longonot.

Mwalimu alijibu kesho yake asubuhi. "Nimesoma. Vizuri. Goti linaendelea. Na hesabu zako, umemaliza?"

Jumapili hiyo nikaenda kwa mathe. Dada yangu alikuwa ametoka zamu, yuko jikoni anamenya viazi, bado na alama ya barakoa usoni. Nikachukua kisu kingine nikakaa kwenye ndoo. Tulimenya kimya kwa muda. Halafu nikamwambia, nikianzia mwezi wa pili, bila kuruka maktaba wala riwaya wala ile pumzi.

Hakuacha kumenya. Ganda lilikuwa refu, linazunguka, halikatiki.

"Mwezi wa pili," akasema.

"Mwezi wa pili."

"Moto ulikuwa wa sita."

"Ndiyo."

Akatia kiazi kwenye maji. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, hawakusema dawa ya deni ambalo halikukopwa ni nini. Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani, nikubali, kwamba huenda akanishukuru kwa ukweli, kwa sababu mtu akizoea risiti anaandika hata ya kuungama.

"Brathe," akasema mwishowe, "kwa hivyo mimi nimekuwa nikilipa nini?"

Sikuwa na jibu. Akainuka akawasha jiko, akaniambia nikatekate vitunguu. Bado yuko chuoni hadi leo. Mwezi uliopita alinunua cherehani ya mkono wa pili na hakuniambia, niliiona tu imefunikwa kwa leso kwenye kona ya chumba. Sikuuliza. Nikala, nikaosha sahani yangu, nikaenda zangu.